Mwanga kama Chakula, Mwanga kama Ishara: Spektra, Ukuaji wa Mmea wa Bangi na Maamuzi ya Sera katika Mazingira ya Masese, Jinja

Ikisiri

Nchi kadhaa za Afrika zimefungua mlango wa kulima bangi kwa ajili ya dawa na viwanda, na Uganda ni mojawapo. Pamoja na mlango huo umeingia usemi kwamba ubora wa zao hili hutegemea taa za rangi maalumu, na kwamba asiyekuwa na taa hizo hana nafasi sokoni. Makala hii inauchunguza usemi huo kwa kueleza jinsi spektra ya mwanga inavyoathiri umbo, mavuno na kemikali za mmea wa bangi, kisha inaupima ushahidi huo katika mazingira ya Masese, Jinja, mahali palipo karibu na Ikweta na karibu na mitambo ya umeme ya Mto Nile. Hoja kuu ni kwamba mwanga una kazi mbili zinazopaswa kutenganishwa, yaani kulisha mmea na kuupa mmea taarifa. Masese ina chakula cha kutosha kutoka juani. Inachopungukiwa ni ishara, nayo hugharimu umeme kidogo sana. Makala inaonyesha pia kwamba kutoielewa tofauti hii kunaweza kumfanya mkulima mwaminifu aonekane mhalifu mbele ya sheria, na inatoa mapendekezo kwa watunga sera.

Maneno muhimu: spektra, urefu wa mchana, kanabinoidi, urujuanimno, Masese, sera ya kilimo

1.0 Utangulizi

Usiku wa giza, mwezi unapokuwa haujachomoza, wavuvi wa mukene hutoka katika mialo ya Ziwa Viktoria, ukiwamo ule wa Masese, wakiwa na taa ndani ya mitumbwi. Samaki hao wadogo, ambao Tanzania huitwa dagaa na Kenya huitwa omena, huufuata mwanga hadi wavuni. Taa ya mvuvi haimlishi samaki, inamwita. Kiasi cha mwanga kinachohitajika kumwita ni kidogo mno kikilinganishwa na kile kinachotolewa na jua mchana kutwa, lakini matokeo yake ni makubwa kwa sababu mwanga huo umekuja kwa wakati wake na mahali pake.

Mfano huu unafaa kufungulia mjadala kuhusu mmea wa bangi, kwa kuwa mmea nao huutumia mwanga kwa njia mbili. Kwanza, mwanga ni chakula: nishati inayoendesha usanisinuru na kujenga majani, mashina na maua. Pili, mwanga ni ishara: taarifa inayouambia mmea kama umesimama kivulini au juani, kama usiku ni mrefu au mfupi, na kama wakati wa kutoa maua umewadia. Mkanganyiko mwingi katika mijadala ya sera unatokana na kuzichanganya kazi hizi mbili.

Suala hili si la kitaaluma peke yake. Nchini Uganda, kulima bangi bila idhini ni kosa la jinai. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mnamo Mei 2023 kwa sababu akidi ya Bunge haikuthibitishwa ilipopitishwa, na Bunge likapitisha sheria mpya mwaka huohuo. Kwa upande mwingine, kilimo kwa ajili ya dawa kimeruhusiwa kwa kibali, na mradi wa Hima wilayani Kasese, ulioshirikisha wawekezaji kutoka Israel, ulijulikana hadharani kuanzia mwaka 2019. Kwa hiyo mmea mmoja unaweza kuwa bidhaa ya kusafirishwa nje au ushahidi mahakamani, kutegemea kibali na kutegemea kemikali zilizomo. Jambo lolote linalobadilisha kemikali hizo linamhusu mtunga sera.

Makala hii haidai kwamba Masese pana shamba la bangi. Masese imechaguliwa kama mahali pa kupimia hoja kwa sababu tatu: iko takriban nusu nyuzi tu kaskazini mwa Ikweta; uso wa ziwa lililo mbele yake uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari; na iko jirani na Nalubaale, Kiira na Bujagali, mitambo inayowafanya baadhi ya watu waamini kwamba Jinja ni mahali pa asili pa kilimo cha ndani kinachotegemea taa.

2.0 Misingi na istilahi

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mawimbi ya urefu mbalimbali, na urefu huo hupimwa kwa nanomita. Mpangilio wa mawimbi hayo, pamoja na kiasi cha kila sehemu, ndio unaoitwa spektra. Sehemu inayoendesha usanisinuru iko kati ya nanomita 400 na 700: buluu ikiwa karibu na 400 hadi 500, kijani katikati, na nyekundu kati ya 600 na 700. Chini ya 400 kuna miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa jicho. Juu ya 700 kuna wekundu wa mbali, ambao jicho huuona kwa shida lakini mmea huutambua vizuri.

Mwanga kama chakula huhesabiwa kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Jua kali la adhuhuri hutoa takriban mikromoli 2,000 za fotoni kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Mwanga kama ishara, kwa upande wake, hupokewa na protini maalumu. Fitokromu hupokea nyekundu ya nanomita 660 na wekundu wa mbali wa nanomita 730, na hubadilika umbo huku na huku kati ya miale hiyo miwili kama swichi. Kriptokromu na fototropini hupokea buluu. Protini iitwayo UVR8 hupokea urujuanimno wa aina B, ulio kati ya nanomita 280 na 315. Protini hizi hazihitaji mwanga mwingi. Mikromoli chache tu zinatosha kuziamsha.

Kuhusu kemikali, mmea wa bangi huzalisha kanabinoidi katika vinyweleo vyenye tezi vilivyojaa kwenye maua ya mmea jike. Asidi mama, ijulikanayo kwa kifupi CBGA, hugeuzwa na vimeng'enya kuwa THCA au CBDA, na joto huzigeuza hizo kuwa THC, inayolevya, na CBD, isiyolevya. Muundo wa THC ulibainishwa mwaka 1964 na Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam. Pamoja na kanabinoidi kuna terpeni, ambazo ndizo zinazoupa mmea harufu yake.

3.0 Mchana usiobadilika

Historia ya sayansi ya urefu wa mchana inahusiana na mmea huu moja kwa moja. Mfaransa Julien Tournois, katika tafiti alizochapisha kuanzia mwaka 1912, aliona kwamba katani ya jamii ya bangi na mmea wa hopi hutoa maua mapema zinapopata mwanga kwa saa chache kila siku. Wamarekani Garner na Allard walipoijenga nadharia kamili mwaka 1920 kwa kutumia tumbaku na soya, kumbe bangi ilikuwa imekwisha kulisema jambo hilo. Leo inafahamika kwamba aina nyingi za bangi ni mimea ya siku fupi: huendelea kukua bila kutoa maua wakati usiku ni mfupi, na huanza kuchanua usiku unaporefuka kupita mpaka fulani. Utafiti uliofanywa Florida na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa aina kadhaa za katani mpaka huo uko karibu na saa 14 za mchana.

Tuulete ukweli huu Masese. Huko mchana una takriban saa 12 na dakika 7, na katika mwaka mzima tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi haizidi dakika chache. Kwa mmea ulioboreshwa Ulaya au Amerika Kaskazini, kila siku ya Masese ni siku ya kuchanua. Mbegu ikiota Januari au Julai, mche hupata ishara ya kutoa maua mara tu unapopevuka vya kutosha kuipokea, hata ukiwa bado mfupi wenye matawi machache. Mkulima anayeagiza mbegu ghali kutoka nchi za mbali na kuzipanda kando ya ziwa anaweza kuvuna vimea vya kimo cha goti, kisha akailaumu mbolea, au udongo, au aliyemuuzia mbegu. Aina za asili za ukanda wa tropiki hazina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwa kuwa zimezoea mchana wa saa 12 na huchukua muda mrefu kabla ya kukomaa. Lakini kemikali zake si zile ambazo wanunuzi wa dawa huzitaja katika mikataba.

Suluhisho si jipya katika Uganda. Mashamba yanayozalisha vipando vya krisanthemamu kwa ajili ya soko la Ulaya yanakabiliwa na hali ileile, kwani krisanthemamu nayo ni ya siku fupi. Taa hafifu huwashwa usiku ili mmea mama uamini kwamba usiku ni mfupi, nao huendelea kutoa matawi badala ya maua. Mwanga mwekundu ndio unaofaa zaidi kwa kazi hiyo kwa sababu ndio unaoigeuza fitokromu. Kwa bangi, taa hizo zingehitajika kwa wiki chache za ukuaji tu. Baada ya hapo mkulima huzizima, na usiku wa Ikweta huanzisha maua bila gharama yoyote. Mkulima wa Uholanzi au Kanada anayetaka maua wakati wa kiangazi hulazimika kuufunika mmea kwa mapazia meusi kila jioni. Wa Masese hahitaji.

Jambo hili lina upande wake wa tahadhari. Kwa kuwa fitokromu husikia mwanga hafifu, taa ya barabarani, taa ya ulinzi ya kiwanda au balbu iliyosahauliwa kuzimwa inaweza kuchelewesha maua ya mistari iliyo karibu nayo. Katika kata kama Walukuba na Masese, ambako makazi, viwanda na bustani vimekaribiana, hili si jambo dogo.

4.0 Rangi za mwanga na umbo la mmea

Mmea unaosongwa na majirani hupata mwanga uliochujwa na majani yao. Majani hunyonya nyekundu na kuuacha wekundu wa mbali upite. Hivyo uwiano kati ya miale hiyo miwili hushuka. Fitokromu huitafsiri hali hiyo kuwa ni kivuli, na shina hurefuka kulitafuta jua. Hii ndiyo sababu miche iliyobanana huwa mirefu na dhaifu. Buluu hufanya kinyume: huufupisha mmea, hunenepesha majani na kukaza umbo. Kijani, ambayo wauzaji wa taa waliwahi kuiita mwanga wa bure usiofaa, hupenya ndani zaidi ya jani na chini zaidi ya matawi, na kwa hiyo hulisha majani ya chini ambayo nyekundu na buluu hazijayafikia.

Mavuno ni jambo jingine. Westmoreland na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2021 uliofanyika Utah, waliongeza sehemu ya buluu kutoka asilimia 4 hadi 20 ya mwanga wote bila kubadilisha jumla ya mwanga. Mavuno ya maua yalipungua kwa takriban asilimia 12, na kiwango cha kanabinoidi hakikubadilika. Mwaka huohuo Rodriguez-Morrison na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walionyesha kwamba mavuno ya maua huongezeka kwa mstari ulionyooka kadiri mwanga unavyoongezwa kutoka mikromoli 120 hadi 1,800, na kufikia zaidi ya mara nne ya kiwango cha mwanzo, huku nguvu ya kanabinoidi ikibaki palepale.

Tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja zinasema jambo moja: wingi wa mwanga una uzito kuliko rangi yake. Mkulima anayepata mwanga mwingi wa rangi ya kawaida yuko mbele ya yule anayepata mwanga kidogo wa rangi iliyochaguliwa kwa uangalifu.

5.0 Spektra na kemikali: ushahidi unasema nini

Hapa ndipo madai ya kibiashara yanapokuwa makubwa kuliko ushahidi, na ndipo mtafiti anapopaswa kwenda polepole.

Dai la kwanza linahusu urujuanimno. Mwaka 1987 Lydon na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba urujuanimno wa aina B uliongeza THC katika bangi ya aina ilevyayo, lakini haukubadilisha CBD katika katani ya nyuzi. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba kanabinoidi huukinga mmea na miale mikali. Matokeo hayo yalienea sana, na taa za urujuanimno zikauzwa kwa msingi huo. Hata hivyo, majaribio ya mwaka 2021 ya kundi la Guelph, yaliyotumia aina za kisasa, hayakuona ongezeko lenye maana. Yaliyoonekana ni madhara kwa majani na, kwa aina mojawapo, kupungua kwa mavuno. Inawezekana kwamba aina za kisasa zimekwisha kusukumwa na wataalamu wa uzalishaji mbegu hadi karibu na ukomo wake, kiasi kwamba miale haina la kuongeza.

Dai la pili linahusu taa za LED dhidi ya taa za sodiamu. Magagnini na wenzake (2018) walipata mimea mirefu zaidi na maua mazito zaidi chini ya taa za sodiamu, lakini asilimia ya THC na CBD ikiwa ya chini kuliko chini ya LED. Matokeo haya hunukuliwa kuthibitisha kwamba LED huongeza nguvu ya zao. Msomaji akumbuke kwamba asilimia si mavuno. Ua la gramu 50 lenye asilimia 12 lina gramu 6 za kemikali. Ua la gramu 40 lenye asilimia 15 lina gramu 6 vilevile. Kiwanda kinachochuja mafuta hulipia gramu za kemikali. Anayeuza ua zima hulipwa kwa asilimia. Kabla ya kuuliza taa ipi ni bora, lazima kuulizwe bora kwa soko lipi.

Jambo la tatu, na pengine la msingi kuliko yote, ni lile ambalo mwanga hauwezi kulifanya. Uwiano kati ya THC na CBD huamuliwa na jeni zinazotengeneza vimeng'enya. De Meijer na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2003 kwa kuzalisha machotara na kufuatilia urithi wao. Mwanga unaweza kuongeza au kupunguza jumla, na pengine kugusa kanabinoidi ndogondogo na terpeni, lakini hauigeuzi bangi ilevyayo kuwa katani wala katani kuwa bangi ilevyayo. Anayedai kwamba taa yake hufanya hivyo anauza ndoto.

6.0 Hesabu ya umeme kando ya Nile

Jinja ina jina la mji wa umeme tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Nalubaale ina uwezo wa megawati 180, Kiira 200 na Bujagali 250. Ni rahisi kusikia takwimu hizo na kuhitimisha kwamba kilimo cha ndani chini ya taa kinafaa hapa. Tufanye hesabu.

Tuchukue chumba kilichofungwa kinachotoa mikromoli 1,000 kwa saa 12 kila siku. Hiyo ni takriban moli 43 za fotoni kwa mita ya mraba. Taa nzuri za LED hutoa karibu mikromoli 3 kwa kila joule ya umeme. Kwa hiyo kila mita ya mraba hutumia takriban kilowati-saa 4 kwa siku, kabla ya kuhesabu viyoyozi na mashine za kukausha hewa. Hekta moja hutumia kilowati-saa 40,000 kwa siku, na wakati taa zimewaka huvuta zaidi ya megawati 3. Hekta kumi zingevuta megawati 33, zaidi ya moja ya nane ya uwezo wote wa Bujagali, kwa zao ambalo nje ya ukuta wa chumba hichohicho jua hulimwagia takriban moli 35 hadi 40 kwa siku bila ankara. Hata paa la plastiki likizuia robo ya mwanga huo, kinachobaki kinatosha kupata mavuno mazuri.

Sasa tuchukue taa za ishara. Mikromoli 5 kwa muda wa saa 6, kwa taa zilezile, ni kilowati-saa 0.01 kwa mita ya mraba kwa usiku. Hekta moja hutumia kilowati-saa 100, na hiyo ni kwa wiki za ukuaji peke yake. Tofauti kati ya kulisha kwa taa na kuita kwa taa ni mara 400. Tena, taa za ishara zinaweza kuwashwa kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, wakati ambapo bei ya umeme kwa wateja wakubwa nchini Uganda ni ya chini na mahitaji ya majumbani yamepungua. Kazi hiyo inaweza kufanywa hata na paneli ndogo za jua na betri, kama zile ambazo baadhi ya wavuvi wamezitumia kubadilisha taa zao za mafuta ya taa.

Kuhusu spektra yenyewe, nyenzo ya bei nafuu kuliko zote ni paa. Kioo huzuia karibu urujuanimno wote wa aina B. Plastiki nyingi za vitalu zilizowekewa viambato vya kuzuia kuchakaa huzuia sehemu kubwa pia. Vyandarua vya rangi hubadilisha uwiano wa nyekundu na wekundu wa mbali. Karibu na Ikweta, ambako jua hupita karibu na utosi na tabaka la ozoni ni jembamba kuliko katika nchi za kaskazini, na ambako mwinuko unazidi mita 1,100, urujuanimno ni mwingi. Mkulima anayetaka kuujaribu haagizi taa, anabadilisha plastiki. Na kutoka Masese hadi Mbale, kisha kupanda miteremko ya Mlima Elgon, mtafiti anapata ngazi ya asili ya mwinuko, joto na miale ambayo maabara nyingi za kaskazini zingelazimika kuigiza kwa fedha nyingi.

7.0 Pale kemikali inapokutana na sheria

Nchi nyingi hutenganisha katani na bangi ilevyayo kwa kipimo cha THC. Marekani imetumia asilimia 0.3 katika sheria yake ya kilimo ya mwaka 2018, na Umoja wa Ulaya umekubali kiwango hichohicho kwa ruzuku za kilimo tangu mwaka 2023. Washauri wa sera katika Afrika Mashariki huvutwa kuinakili namba hiyo kama ilivyo. Hatari yake ni hii.

Kimeng'enya kinachotengeneza CBDA si kamili. Hutoa pia kiasi kidogo cha THCA. Tuchukue uwiano wa sehemu 25 za CBD kwa sehemu 1 ya THC, ambao ni wa kawaida kwa katani ya CBD. Ua lenye CBD asilimia 6 litakuwa na THC asilimia 0.24, na mkulima yuko salama. Ua hilohilo likiachwa likomae hadi CBD asilimia 8, THC inafika asilimia 0.32, na mkulima amevuka mpaka. Hakubadilisha mbegu, hakukusudia kulevya mtu. Ameshika jembe kwa bidii zaidi, au amechelewa kuvuna kwa sababu mvua ilinyesha. Chini ya sheria inayosoma namba moja tu, bidii yake inakuwa kosa.

Fikiria basi mkulima mdogo pembezoni mwa Jinja aliyeshirikishwa na kampuni yenye kibali. Mbegu si yake, ratiba ya taa si yake, siku ya kuvuna hupangwa na kampuni. Sampuli ikipita mpaka, shamba linaloteketezwa ni lake. Kampuni yenye wanasheria itapata njia. Yeye huenda asipate. Swali la spektra ya mwanga, ambalo lilionekana kuwa la maabara, linakuwa swali la nani anabeba hatari.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, miongozo ya vibali isidai taa za ukuzaji wala vyumba vilivyofungwa kama sharti la ubora. Sharti hilo lingewatoa nje wakulima wote isipokuwa wenye mitaji mikubwa, na ushahidi wa mavuno na kemikali haulihalalishi katika mazingira ya Ikweta. Masharti ya ulinzi wa eneo ni suala tofauti, na yajadiliwe kwa hoja zake.

Pili, vipimo vya kisheria viangalie uwiano wa CBD na THC pamoja na asilimia ya THC, na viwe na ukanda wa uvumilivu unaotambua makosa ya kipimo na tofauti za ukomavu. Siku ya kuchukua sampuli itajwe kwa kuhesabu kuanzia maua yalipoanza, si kwa kalenda.

Tatu, mikataba ya wakulima washirika itamke kwamba anayechagua mbegu na ratiba ya mwanga ndiye anayebeba hasara zao likivuka kiwango.

Nne, majaribio yafanywe hapa. Takwimu zote zilizotajwa katika makala hii kuhusu spektra zimetoka katika vyumba vya Amerika Kaskazini na Ulaya. Vyuo vikuu na vituo vya utafiti wa kilimo vya ukanda wa Jinja na Mbale vinaweza, kwa kibali maalumu na kwa kutumia katani yenye THC ndogo, kulinganisha aina tatu za paa na ratiba mbili za taa za usiku. Gharama yake ni ya plastiki na balbu.

Tano, matokeo yaandikwe pia kwa Kiswahili. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha inayofundishwa bila kupewa kazi ya kubeba maarifa hubaki ya salamu. Istilahi zilizotumika hapa, kama vile usanisinuru, urujuanimno, wekundu wa mbali na kimeng'enya, zinatosha kumweleza afisa ugani kile ambacho sasa anakisikia kwa muuza taa tu.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba spektra ya mwanga huathiri mmea wa bangi kwa kiwango tofauti katika ngazi tofauti. Huathiri sana umbo na wakati wa kuchanua. Huathiri mavuno kwa kiasi. Huathiri kiwango cha kanabinoidi kwa namna isiyotabirika na mara nyingi ndogo. Na haigusi uwiano wa msingi wa THC na CBD, ambao ni urithi wa mbegu. Masese ina mwanga wa kulisha kwa wingi, ila mchana wake hautoi ishara ambayo mbegu za kigeni zinaisubiri ili zikue kabla ya kuchanua. Pengo hilo hujazwa na taa hafifu, kwa sehemu moja ya mia nne ya umeme ambao ungetumika kuliiga jua.

Mvuvi wa mukene analijua hili kwa vitendo. Hajaribu kuligeuza ziwa kuwa mchana. Anawasha taa moja, mahali panapofaa, usiku unaofaa. Sera ya kilimo cha bangi ya Uganda na ya jirani zake itafaa ikijifunza kipimo hicho, kabla ya kuwataka wakulima wake wanunue jua ambalo tayari wanalo.